Mtunza ghala kafuta hati ya siku nzima, mkuu wake anataka onyo la pili. Nisaidieni kabla sijaliandika

fundi_wa_fomu

Habari zenu wanajamvi. Naomba mnisome hadi mwisho, maana kuna mtu anaelekea kuadhibiwa kwa kosa ambalo nashuku ni langu.

Mimi ni mwandishi wa programu. Miaka mitatu iliyopita niliandika programu ya ghala la vipuri: mzigo unapokelewa, vitu vinatolewa, salio linahesabiwa. Watunza ghala wanne wanaitumia kila siku. Niliijenga peke yangu, na hadi juma lililopita nilikuwa najivunia kwamba haijawahi kupoteza hata mstari mmoja.

Jumanne jioni mmoja wao, mama aliyeianza kazi hii enzi za leja, alikuwa anaingiza mzigo mkubwa, mistari 64. Alipofika mstari wa mwisho akabofya "Futa" badala ya "Hifadhi". Kikatokea kisanduku: "Je, una uhakika?" Akajibu Ndiyo. Hati nzima ikapotea, na karatasi za mzigo zilikuwa zimeshaondoka na gari. Walihesabu upya, boliti kwa boliti, hadi usiku.

Mkuu wake amemwandikia barua ya kujieleza. Kwangu kaja na agizo: ongeza kisanduku cha pili chenye maandishi mekundu, "ONYO! Taarifa zitapotea kabisa!", ili mtumiaji ajibu Ndiyo mara mbili. Anasema huyu mama ni mzembe kwa sababu alionywa, na bado akakubali.

Kukiandika kisanduku hicho ni kazi ya dakika kumi, lakini mkono unasita. Huyu mama si mzembe. Ndiye anayenipigia simu salio likipishana kwa nati moja. Je, onyo la pili litasaidia kweli? Na kama halisaidii, nimweleze nini mkuu wake ambacho hatakiona kuwa ni visingizio vya fundi?

Skrini yenyewe iko hivi: juu kuna fomu ya kuingiza mstari mmoja mmoja, chini yake vitufe viwili bega kwa bega, ukubwa sawa. Hifadhi ni cha kijani, kinahifadhi mstari. Futa ni chekundu, kinafuta hati.

mzee_wa_terminali

Usikiandike, kijana wangu.

Nimekuwa kwenye kazi hii tangu skrini nyeusi zenye maandishi ya kijani, na nimeona mara nyingi maonyo yakirundikwa juu ya maonyo. Mbwa anayembwekea kila mpita njia, siku mwizi akija hakuna anayeamka.

Kuna kisa ambacho kila mwandishi wa programu anatakiwa kukijua kwa moyo. Kati ya 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa mionzi kupita kiasi katika matukio sita yanayojulikana, huko Marekani na Kanada. Baadhi yao walikufa. Chanzo kilikuwa hitilafu ndani ya programu, hilo halina ubishi. Lakini tazama mwendeshaji alionyeshwa nini. Mambo yakienda kombo, skrini iliandika neno la hitilafu na namba, kwa mfano 54, basi. Hakuambiwa kama ni jambo dogo au ni hatari ya kifo. Mashine yenyewe ilikuwa na kawaida ya kusimama kwa hitilafu ndogondogo, na ili iendelee ulibonyeza herufi moja tu, P. Waendeshaji wakazoea: imesimama, P, twende. Mwaka 1986 huko Texas mwendeshaji aliuona ujumbe huo wa 54, akabonyeza P kama siku zote, na mgonjwa akapigwa mara ya pili.

Yule mwendeshaji hakuwa mzembe. Mashine ilikuwa imemfundisha, siku baada ya siku, kwamba ujumbe wa hitilafu ni kitu cha kubonyeza P.

Sasa swali ambalo mkuu wa ghala hajaliuliza, na wewe hujalijibu: huyo mama anaona visanduku vingapi kwa siku? Nakusudia vyote, si cha kufuta peke yake. Nenda ukakae pembeni yake. Usimfundishe, usimsaidie, usijieleze. Hesabu tu.

dada_wa_vipimo

Naungana na mzee, na ninayo hoja ya kumpelekea huyo mkuu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa ndege za B-17 walikuwa wakitua salama kabisa, kisha ndege ikiwa tayari ardhini wanakunja magurudumu. Ndege inalala kwa tumbo. Ripoti zikawa zinaandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza chumba cha rubani alikuta swichi ya magurudumu na swichi ya flapi (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zimekaa jirani na zinafanana. Alichopendekeza hakikuwa mafunzo wala barua za kujieleza. Swichi ya magurudumu iwekewe kigurudumu cha mpira, ya flapi iwekewe kipande chenye umbo la kabari, mkono ujue umeshika nini hata macho yakiwa kwingine. Hadi leo kishikio cha magurudumu kwenye ndege za abiria kina umbo la gurudumu.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichambua masimulizi 460 ya yaliyoitwa makosa ya marubani. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa hilo hilo: kushika kidhibiti kimoja ukidhani ni kingine. Huyu Fitts ndiye ambaye mwaka 1954 alitupa kanuni kwamba muda wa kukifikia kitu hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Vitufe vyako viwili ni vikubwa na viko karibu, kwa hiyo umemrahisishia mama kazi ya kufikia Hifadhi, na kwa kipimo kile kile ukamrahisishia kufikia Futa.

Kuhusu rangi, usizitegemee peke yake. Katika watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, mwanamume mmoja hivi kati ya 12 hutofautisha nyekundu na kijani kwa shida. Waulize wenzake.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni sentensi yako ya mwisho, ambayo umeipita haraka. Hifadhi inahifadhi mstari, Futa inafuta hati! Vitufe viwili mapacha, kimoja kinagusa kitu kidogo, kingine kinagusa kazi ya siku nzima. Mtu yeyote anayeviona pamoja atafikiri vinafanya kazi juu ya kitu kimoja. Na neno lenyewe "futa" kwa Kiswahili linabeba mambo mawili: kufuta maandishi uliyokosea, kama unavyofuta ubao, na kuondoa kitu kisiwepo tena. Ulikusudia la pili. Nina hakika kuna mtu kwenye ghala hilo anayelielewa kwa maana ya kwanza.

fundi_wa_fomu

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, nilifanya kama mzee alivyosema. Nilikaa ghalani jana kutoka saa nane mchana hadi saa kumi na moja na nusu, kimya, na daftari mkononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akifanya kazi. Miaka mitatu! Simu zake nimepokea, malalamiko nimeyatatua, lakini mikono yake sikuwahi kuiona.

Alionyeshwa kisanduku mara 118. Cha kufuta hata kimoja. Vyote 118 vilikuwa hiki: "Imehifadhiwa." Na kitufe kimoja, Sawa.

Mkono wa kulia unabofya Hifadhi. Kisanduku kinatokea. Mkono wa kushoto, ambao muda wote umelala juu ya kibodi, unabonyeza Enter. Wakati huo macho yameshahamia kwenye karatasi kutafuta mstari unaofuata. Bofya, Enter. Bofya, Enter. Ukifumba macho na kusikiliza unadhani ni cherehani.

Na kisanduku changu cha "Je, una uhakika?" kinatokea mahali pale pale, kina ukubwa ule ule, kijivu kile kile, na kitufe cha Ndiyo ndicho nilichokiwekea Enter. Kwa hiyo Jumanne hakujibu swali lolote. Alibofya pembeni kwa upana wa kidole, na mkono wa kushoto ukamaliza kazi niliyoufundisha mimi.

Nilimwuliza taratibu, mama, siku ile kisanduku kiliandikwa nini? Akanitazama kwa mshangao. "Si kile cha sawa?" Hajui kwamba viko viwili.

Nikajiuliza hicho cha "Imehifadhiwa" nilikiweka kwa nini. Nikapekua kumbukumbu zangu za mwaka wa kwanza. Kuhifadhi kulikuwa kunachukua sekunde tatu, wakati mwingine nne, na skrini haikuonyesha dalili yoyote. Watu wakawa wanabofya mara mbili na mistari inajirudia. Badala ya kutafuta kwa nini ni polepole, nikaweka kisanduku cha kuwasimamisha. Baadaye seva ikabadilishwa, sasa mstari unahifadhiwa kabla hujapepesa jicho, na kisanduku kimebaki kuwazoesha Enter.

Dada, ulikuwa sahihi kuhusu neno. Kijana wa zamu ya asubuhi ameniambia huwa anabofya Futa akikosea namba, "ili fomu iwe safi". Amekuwa akifanya hivyo mwanzoni mwa hati, kabla hajahifadhi chochote, ndiyo maana hajapoteza kitu. Nilipomweleza kinachotokea hasa alishika kichwa.

Kwa hiyo onyo la pili siliandiki. Nawaza kuondoa maonyo yote kabisa na kuweka "Rudisha" kila mahali. Mnaonaje?

mwandishi_wa_nyuma

Nawapongeza kwa uchunguzi, ila hilo la kuondoa maonyo yote nalipinga.

Mimi nafanya kazi upande wa hifadhidata, ambako maneno kama "rudisha kila mahali" huja kuwa mzigo wetu. Kurudisha hati iliyofutwa ni rahisi. Usiifute, iwekee alama ya tarehe ilipofutwa, ifiche kwenye orodha, na usiku mmoja baada ya siku 30 ndipo iondoke kweli. Safu moja kwenye jedwali. Lakini kumbuka salio! Hati ikifichwa, hesabu zako zote lazima ziiruke, na ikirudishwa ziihesabu tena. Ukisahau hoja moja tu ya ripoti (yaani amri inayovuta taarifa kutoka hifadhidata), huyo mama atakupigia simu si kwa nati moja bali kwa katoni. Na je, kama vitu vya hati hiyo vimeshatolewa kwa watu? Amua hilo kabla ya kuandika.

Halafu kuna mambo yasiyorudi. Ujumbe uliokwisha kufika kwenye simu ya mtu. Hati iliyokwisha kuchapishwa na kubebwa. Hapo unahitaji mtumiaji asimame, na asimame kwa kitu ambacho Enter haiwezi kukijibu. Ukitaka kufuta hazina ya msimbo kwenye GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao, unatakiwa uandike jina lake kwa herufi. Inakera, lakini inakera mara chache tu kwa mwaka, na mkono hauwezi kuizoea kwa sababu jina ni tofauti kila mara. Njia nyingine ni kuchelewesha: Gmail inashikilia barua yako sekunde chache kabla ya kuituma, na katika sekunde hizo unaweza kuivuta.

Kwa hiyo maonyo yabaki, machache, pale yanapostahili.

dada_wa_vipimo

Nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Naongeza jambo moja tu ambalo hata kuandika jina hakulitibu.

Watafiti wa makosa, James Reason na Donald Norman kati yao, hutenganisha kuteleza na kukosea. Kuteleza ni kama huyu mama: nia ilikuwa sahihi, mkono ukaenda pembeni. Kukosea ni pale nia yenyewe imejengwa juu ya imani isiyo kweli, kama kijana wa asubuhi. Onyo zito linaweza kumkamata aliyeteleza. Aliyekosea atalisoma lote, ataandika jina, ataendelea, maana anaamini anafanya jambo sahihi.

Tarehe 13 Januari 2018 watu wa Hawaii walipokea kwenye simu zao ujumbe kwamba kombora linakuja. Halikuwepo. Mhudumu aliyeutuma aliulizwa na mfumo kama ana uhakika, akajibu ndiyo, kwa sababu aliamini shambulio ni la kweli. Swali lenyewe lilikuwa na maneno yale yale, iwe ni zoezi au ni tahadhari halisi. Na baada ya kutuma hakukuwa na njia iliyotayarishwa ya kusahihisha. Ujumbe wa kukanusha kwenye simu zile zile ulitoka baada ya dakika 38.

Kwa hiyo fundi, dawa ya kijana wa asubuhi ni maneno. Kitufe kiseme kinafanya nini na kwa kitu gani: "Safisha fomu" ni kimoja, "Futa hati yote" ni kingine, na visikae pamoja. Penye swali, usiandike Ndiyo na Hapana. Andika "Futa hati yenye mistari 64" na "Iache". Epuka "Ghairi" kwenye swali la kufuta, maana mtu hajui anaghairi nini, kufuta au hati.

Na hilo la "Imehifadhiwa", usiliondoe ukaacha ukimya. Ukimya ndio ulioleta kubofya mara mbili. Jibu likitokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu anahisi kitu kimetii mkono wake. Mstari uonekane ukiingia kwenye orodha, papo hapo, pale pale anapotazamia kuuona.

Chora kwenye karatasi kwanza, uwajaribu wote wanne. Hesabu ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993 ilionyesha watumiaji watano huweza kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya skrini. Wanne wako wanatosha kabisa kuanza.

mzee_wa_terminali

Yote mema. Ila huyo mkuu hatasoma habari za 1947. Mkalishe kwenye kiti cha mama.

fundi_wa_fomu

Ndugu zangu, nawaletea mrejesho, nimeona si vizuri kuacha uzi bila mwisho.

Michoro niliichora kwa kalamu kwenye karatasi na kuwajaribu watatu, wa nne yuko likizo. Kwenye mchoro wa kwanza, mtu akifuta hati, utepe wenye neno "Rudisha" ulikuwa unatokea chini kabisa ya skrini, kama nilivyoona kwenye programu nyingi za simu. Hakuna hata mmoja aliyeuona. Macho yao yanakaa juu kushoto, kwenye orodha. Mama aliuliza, "Sasa hati imekwenda wapi?" huku kidole kikiwa pale ilipokuwa. Basi utepe nimeuhamishia hapo hapo kilipokuwa kidole chake: mstari wa hati unabaki, umefifia, umeandikwa "Imefutwa. Rudisha." Kwenye jaribio la pili aliugusa bila kuniuliza.

Kisanduku cha "Imehifadhiwa" kimekufa. Mstari unaingia kwenye orodha na kung'aa kidogo kisha unatulia. Futa imeondoka kwenye fomu, sasa iko ndani ya hati yenyewe, na jina lake ni refu. Hati zinakaa siku 30. Mwandishi wa nyuma, nilipitia hoja zote za ripoti, zilikuwa 23, na mbili zingenitia aibu. Hati ambayo vitu vyake vimeshatolewa haifutiki, inaeleza kwa nini, na inamtajia hati ya kutoa vitu.

Mzee, nilimkalisha. Nilimwomba mkuu wa ghala aingize mistari 30 kwa programu ya zamani, kwenye kompyuta ya majaribio, akisoma karatasini kama wanavyofanya wao. Mstari wa 26 nilikuwa nimeutega: akihifadhi, badala ya "Imehifadhiwa" kingetokea "Je, una uhakika unataka kufuta hati hii?" Aliufikia baada ya dakika sita hivi, tayari akiwa na mwendo mzuri. Bofya, Enter. Akaendelea na wa 27, akauandika wote, akainua macho, akaona orodha ina mstari mmoja.

Akaniuliza umefanya nini. Nikamwonyesha rekodi ya skrini. Aliitazama mara mbili, mara ya pili akiisimamisha pale kisanduku kilipotokea, akakisoma kwa sauti.

Barua ya kujieleza ameiondoa leo asubuhi. Mama bado hajui habari za jaribio hilo, na nimemwomba mkuu amweleze yeye mwenyewe. Huyo wa likizo anarudi Jumatatu. Yeye ndiye ambaye sijui anafanyaje kazi, kwa sababu hajawahi kunipigia simu hata mara moja, kwa hiyo nitaanzia kwake.